Kodi ya Mapato Kenya na Tanzania: Hesabu ya Mwajiriwa na ya Mtu Ajitegemeaye

Barabara itokayo Voi hupita Taveta, ikavuka mpaka Holili, ikafika Moshi. Watu wa pande zote mbili wameoana na kuuziana mali tangu zamani, na wakutanapo arusini au matangani mazungumzo hayakawii kufika kwenye kodi. Mmoja husema ya kwamba Kenya humkata mtu mshahara mpaka mfupani. Mwingine hujibu ya kwamba Tanzania ndiyo isiyomwacha hata fundi mwenye randa moja. Kila mmoja hutaja kiwango alichokisikia, na mabishano huisha bila ya mtu kujua ukweli.

Sababu ni kwamba kiwango peke yake hakisemi kitu. Ni lazima kujua kiwango hicho huhesabiwa juu ya fedha gani, baada ya kutoa nini, na nani anayepeleka fedha hizo serikalini. Makala haya yaeleza mambo hayo kwa mifano, kwa kufuata sheria za Kenya na za Tanzania Bara kama zilivyokuwa mwaka 2025. Majina ya watu ni ya mfano tu.

Bw. Mwakio ni karani wa hesabu katika kampuni moja mjini Voi, na mshahara wake ni Sh. 50,000 kwa mwezi. Shemeji yake, Bw. Mushi, hufanya kazi ya namna hiyo hiyo Moshi kwa Sh. 1,000,000 za Tanzania. Katika mwaka 2025 shilingi moja ya Kenya ilibadilishwa kwa shilingi karibu 20 za Tanzania, ikipanda na kushuka, kwa hiyo mishahara hiyo miwili ni kama sawa. Sasa Bw. Mwakio ameahidiwa na wafanyabiashara fulani ya kwamba akiacha kazi na kuwatunzia vitabu vyao vya hesabu kwa kujitegemea, watamlipa ada ya Sh. 50,000 hizo hizo kila mwezi. Ana watoto watatu shuleni. Ataka kujua kama atapata faida au hasara.

ASILI MOJA, SHERIA MBILI

Kodi za kwanza walizotozwa Waafrika wa nchi hizi hazikutazama mapato ya mtu. Ilikuwa kodi ya nyumba, iliyowekwa na Wajerumani upande wa Tanganyika mwaka 1897, na upande wa Kenya na Waingereza mwaka 1901. Mwenye ng'ombe mia na asiye na kuku walidaiwa sawa kwa kila nyumba. Kodi ya mapato, ambayo hupima uwezo wa mtu, iliingia Kenya mwaka 1937 na Tanganyika mwaka 1940. Tangu mwaka 1952 sheria ya kuisimamia ilikuwa moja kwa Afrika Mashariki, mpaka mwaka 1973 kila nchi ilipotunga sheria yake. Leo mkusanyaji upande wa Kenya ni Mamlaka ya Mapato iliyoanzishwa mwaka 1995, na upande wa Tanzania ni Mamlaka ya Mapato iliyoanza kazi mwaka 1996.

Kwa sababu ya asili hiyo moja, sheria hizo mbili zafanana kama ndugu. Zote hupandisha kiwango kwa ngazi, yaani kila sehemu ya mapato hutozwa kwa kiwango chake. Watu wengi hukosea hapa. Huogopa nyongeza ya mshahara wakidhani ya kwamba wakivuka ngazi, mshahara wote utatozwa kiwango kikubwa. Sivyo. Ni ile sehemu iliyovuka tu ndiyo hutozwa zaidi, na mtu hawezi kupewa nyongeza kisha akapeleka nyumbani fedha chache kuliko zamani kwa ajili ya ngazi hizo.

MSHAHARA WA KARANI WA VOI

Mwajiriwa wa Kenya hutozwa kwa ngazi zilizoanza tarehe 1 Julai 2023. Sh. 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa senti 10 katika kila shilingi. Sh. 8,333 zinazofuata hutozwa senti 25. Zinazofuata mpaka Sh. 500,000 hutozwa senti 30. Juu ya hapo, mpaka Sh. 800,000, ni senti 32 na nusu, na zaidi ya hapo ni senti 35. Kisha kila mkazi wa nchi hupunguziwa Sh. 2,400 kila mwezi katika kodi yenyewe, na hiyo ndiyo nafuu ya mtu binafsi.

Kabla ya kufika kwenye kodi, mshahara wa Bw. Mwakio hutolewa michango mitatu. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, huchukua asilimia 6, nazo ni Sh. 3,000. Bima ya afya ya jamii, ambayo Oktoba 2024 ilichukua mahali pa bima ya zamani ya hospitali, huchukua asilimia 2.75, nazo ni Sh. 1,375. Tozo ya nyumba za bei nafuu huchukua asilimia 1.5, nazo ni Sh. 750. Jumla ni Sh. 5,125.

Tangu mwisho wa Desemba 2024, michango yote mitatu huondolewa kwanza ndipo kodi ihesabiwe. Kwa hiyo kodi ya Bw. Mwakio huhesabiwa juu ya Sh. 44,875. Ngazi ya kwanza yatoa Sh. 2,400, ya pili Sh. 2,083, na ya tatu Sh. 3,763. Jumla ni Sh. 8,246. Ikiondolewa nafuu ya Sh. 2,400, kodi yabaki Sh. 5,846. Bw. Mwakio hupeleka nyumbani Sh. 39,029.

MSHAHARA WA KARANI WA MOSHI

Tanzania Bara haina nafuu ya namna ile. Badala yake sheria yasema ya kwamba Sh. 270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi kitu. Kutoka hapo mpaka Sh. 520,000 ni senti 8 katika kila shilingi. Kiwango hicho kilikuwa senti 9 kabla ya Julai 2021. Mpaka Sh. 760,000 ni senti 20. Mpaka Sh. 1,000,000 ni senti 25. Juu ya hapo ni senti 30.

Bw. Mushi hukatwa kwanza asilimia 10 kwa mfuko wa hifadhi ya jamii wa nchi yake, yaani Sh. 100,000, na fedha hizo hazihesabiwi kodi. Zilizobaki ni Sh. 900,000. Kodi yake mpaka Sh. 760,000 ni Sh. 68,000, na juu ya Sh. 140,000 zilizozidi ni Sh. 35,000. Jumla ni Sh. 103,000. Bw. Mushi hupeleka nyumbani Sh. 797,000, ambazo kwa fedha za Kenya ni kama Sh. 39,850.

Basi wale waliobishana matangani walibishana juu ya tofauti ya Sh. 821 kwa mwezi. Wa Voi amekatwa chini kidogo ya senti 22 katika kila shilingi, na wa Moshi senti 20 na kidogo.

Lakini tofauti kubwa imefichika ndani. Katika makato ya Bw. Mushi, karibu nusu ni akiba yake mwenyewe ya uzeeni, na mwajiri wake kwa kawaida huongeza asilimia 10 nyingine juu yake. Katika makato ya Bw. Mwakio, akiba ni Sh. 3,000 tu kati ya Sh. 10,971, na mwajiri huongeza Sh. 3,000. Kwa upande mwingine, Bw. Mwakio amekwisha lipia bima ya afya katika makato hayo. Bw. Mushi, katika mfano huu, hajalipia. Mtumishi wa serikali wa Tanzania hukatwa asilimia 3 zaidi kwa ajili hiyo. Ndiyo maana haifai kulinganisha fedha zilizobaki mkononi bila ya kuuliza zilizokatwa zimekwenda wapi.

MSHAHARA MDOGO

Kwenye mshahara mdogo maneno ya sheria huweza kumdanganya msomaji mwenye haraka. Kenya husema yatoza senti 10 tangu shilingi ya kwanza, na Tanzania husema haitozi kitu mpaka Sh. 270,000, ambazo ni kama Sh. 13,500 za Kenya. Asomaye hivyo atadhani ya kwamba mtu mwenye mshahara mdogo ana nafuu zaidi Tanzania.

Hesabu yaonyesha kinyume. Mlinzi wa Kenya mwenye Sh. 20,000 hutoa michango ya Sh. 2,050, na kodi juu ya Sh. 17,950 zilizobaki ni Sh. 1,795. Nafuu yake ni Sh. 2,400, kubwa kuliko kodi yenyewe, kwa hiyo halipi kodi ya mapato hata senti moja. Mwenzake wa Tanzania mwenye Sh. 400,000 hutoa Sh. 40,000 za hifadhi ya jamii, kisha hulipa senti 8 juu ya Sh. 90,000 zilizozidi 270,000, nazo ni Sh. 7,200. Wa Kenya amekatwa kama senti 10 katika kila shilingi, wa Tanzania kama senti 12. Ila katika senti 12 hizo, 10 ni akiba yake.

MWENYE DUKA NA FUNDI

Mtu ajitegemeaye hana mwajiri wa kumhesabia. Hapa sheria za nchi mbili zaachana njia.

Kenya humtazama mfanyabiashara kwa jumla ya mauzo yake ya mwaka. Mauzo yakizidi Sh. 1,000,000 lakini yasipite Sh. 25,000,000, hulipa kodi ya mauzo yote, na tangu Julai 2023 kiwango chake ni senti 3 katika kila shilingi aliyouza. Kodi hii haiulizi faida, wala haikubali kutoa gharama, wala haina nafuu ya Sh. 2,400.

Mama Neema ana duka la jumla Taveta, na kwa mwaka huuza bidhaa za Sh. 2,000,000. Kodi ya mauzo ni Sh. 60,000. Ikiwa faida yake ni senti 20 tu katika kila shilingi, yaani Sh. 400,000 kwa mwaka, kodi ya kawaida juu ya faida hiyo, baada ya nafuu ya mwaka ya Sh. 28,800, ingekuwa Sh. 28,600. Ingekuwa chini ya nusu. Lakini kama faida ingekuwa Sh. 700,000, kodi ya kawaida ingefika Sh. 118,600, na kodi ya mauzo ingemfaa zaidi. Sheria yampa ruhusa ya kumwandikia Kamishna ya kwamba hataki kuwa katika kodi ya mauzo, bali atozwe juu ya faida. Ruhusa hiyo haina maana kwa mtu asiyejua faida yake, na faida haijulikani ila kwa daftari.

Mwenye mauzo yasiyofika Sh. 1,000,000 hayumo katika kodi ya mauzo. Wengi hufikiri ya kwamba hana deni lo lote. Si kweli, faida yake yahesabiwa kwa ngazi zile za kawaida. Ila nafuu ya mwaka hufuta kodi ya faida isiyozidi Sh. 288,000. Seremala wa Voi auzaye viti na meza za Sh. 500,000, akatoa mbao, misumari na kodi ya banda, akabaki na Sh. 200,000, hana kodi ya kulipa. Wajibu wake ni kupeleka taarifa ya mwaka.

Fundi Elia wa Himo, upande wa pili wa mpaka, huuza viti vya namna hiyo kwa Sh. 10,000,000 za Tanzania, ambazo ni kiasi kile kile. Huko kodi ya wafanyabiashara wadogo huitwa kodi ya makadirio, nayo huanza mapema. Mauzo ya mwaka yasiyozidi Sh. 4,000,000 hayatozwi kitu. Kutoka hapo mpaka Sh. 7,000,000, asiyetunza kumbukumbu hulipa Sh. 100,000, na atunzaye hulipa senti 3 katika kila shilingi iliyozidi milioni 4. Kutoka milioni 7 mpaka milioni 11, asiyetunza hulipa Sh. 250,000, na atunzaye hulipa Sh. 90,000 pamoja na senti 3 katika kila shilingi iliyozidi milioni 7.

Fundi Elia asipokuwa na daftari hulipa Sh. 250,000. Akiwa nalo hulipa Sh. 180,000. Kitabu cha shilingi elfu chache, na dakika kumi kila jioni, vyamwokolea Sh. 70,000 kwa mwaka. Si mara nyingi sheria huandika wazi namna hiyo bei ya uvivu.

AFANYAYE KAZI KWA ADA

Bw. Mwakio hataingia katika kundi la Mama Neema. Kodi ya mauzo ya Kenya haiwahusu watu walipwao ada za utaalamu, za usimamizi au za mafunzo. Wahasibu, wahandisi na wakufunzi hutozwa juu ya faida kwa ngazi za kawaida. Tanzania nayo huwaweka watoao huduma za kitaalamu nje ya kodi ya makadirio.

Watu hao hukutana na jambo jingine, nalo ni kodi ya zuio. Mteja akimlipa mtaalamu mkazi wa nchi, huzuia senti 5 katika kila shilingi na kuzipeleka Mamlaka ya Mapato. Kiwango ni hicho hicho katika nchi zote mbili. Kwa Kenya mteja huzuia pale malipo ya mwezi yanapofika Sh. 24,000. Fedha zilizozuiwa si kodi ya ziada wala si hasara. Ni malipo ya mbele, na mwisho wa mwaka hutolewa katika kodi anayodaiwa mtu, mradi awe na hati ya kuonyesha ya kwamba zilizuiwa. Mteja azuiaye asipeleke, au asitoe hati, amemtia mwenzake katika deni. Kwa hiyo hati idaiwe mapema, wakati kazi bado ingaliko.

Hebu msomaji afuate hesabu ya Bw. Mwakio kama atakubali ada ya Sh. 50,000. Kwa mwaka atapata Sh. 600,000. Atatumia Sh. 120,000 kwa nauli, karatasi, simu na chumba kidogo cha kazi. Faida ni Sh. 480,000. Kodi ya mwaka, baada ya nafuu, ni Sh. 52,600. Mteja atakuwa amezuia Sh. 30,000. Bw. Mwakio atadaiwa Sh. 22,600 zaidi.

Kama hakutunza stakabadhi, hataruhusiwa kutoa zile Sh. 120,000. Kodi yake itakuwa Sh. 88,600, na deni baada ya zuio litakuwa Sh. 58,600. Amepoteza Sh. 36,000. Tena tangu tarehe 1 Januari 2024, Kenya haikubali gharama ya biashara isiyokuwa na ankara iliyopita katika mtambo wa Mamlaka uitwao eTIMS, isipokuwa malipo machache yaliyosamehewa. Karatasi iliyoandikwa kwa kalamu na muuzaji haitoshi.

Mtu wa Moshi afanyaye kazi ya namna hiyo kwa Sh. 1,000,000 kila mwezi, akitumia Sh. 2,400,000 kwa mwaka, ana faida ya Sh. 9,600,000. Kodi yake ni Sh. 936,000. Zilizozuiwa ni Sh. 600,000, na deni ni Sh. 336,000. Bila ya stakabadhi kodi ingepanda mpaka Sh. 1,536,000. Amepoteza Sh. 600,000, karibu kisasi cha nauli ya mwaka mzima. Huko stakabadhi itakiwayo ni ile itokayo katika mashine ya kodi, EFD.

SH. 50,000 MBILI ZISIZOLINGANA

Sasa swali la Bw. Mwakio laweza kujibiwa. Akiwa mwajiriwa hupeleka nyumbani Sh. 39,029, bima ya afya imekwisha lipwa, na kila mwezi Sh. 6,000 huingia katika akiba yake, nusu zake, nusu za mwajiri. Akijitegemea kwa ada hiyo hiyo, atatoa gharama za Sh. 10,000 na kodi ya Sh. 4,383 kwa mwezi. Zitabaki Sh. 35,617. Katika hizo bado hajalipia bima ya afya, wala tozo ya nyumba, ambayo sheria ya mwaka 2024 huwatoza pia wasio na mshahara, wala hajaweka akiba hata senti. Na akiugua mwezi mmoja, hakuna mshahara wa ugonjwa.

Bw. Mwakio alipomweleza shemeji yake hesabu hiyo, Bw. Mushi alicheka akasema, "Shemeji, hata huku ni vivyo hivyo. Mimi kwa mshahara nabaki na 797,000. Rafiki yangu aliyetoka kazini kwa ada ya milioni moja abaki na 722,000, na hana wa kumwekea akiba ya uzeeni. Alidhani amepandishwa cheo, kumbe amejishusha mshahara."

"Basi niwaombe kiasi gani, shemeji?" aliuliza Bw. Mwakio.

"Hesabu ni kazi yako," alijibu mwenziwe. "Anza mwisho, urudi mwanzo."

Alifanya hivyo. Akiomba Sh. 68,000 kwa mwezi, atatoa gharama Sh. 10,000, kodi Sh. 9,783, bima ya afya na tozo ya nyumba kama Sh. 2,600, na akiba Sh. 6,000. Zitabaki kama Sh. 39,600. Hapo ndipo atakapolingana na kazi aliyo nayo. Kujitegemea si kubaya; kuna watu waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa njia hiyo, na mwenye wateja wengi hana mkubwa wa kumfukuza. Lakini ada ya Sh. 50,000 si sawa na mshahara wa Sh. 50,000, Kenya wala Tanzania, na mtu asikubali kuacha mshahara kabla ya kupiga hesabu hiyo.

AVUKAYE MPAKA

Kuna wakaao Taveta na kufanya kazi Holili, au kinyume chake. Hao wajihadhari na swali la ukazi. Katika nchi zote mbili, mtu huhesabiwa kuwa mkazi kwa kodi ikiwa ana makao ya kudumu nchini na alikuwapo wakati wo wote wa mwaka huo. Au alikaa siku 183 za mwaka huo. Au alikaa kwa wastani wa siku 122 kwa mwaka katika miaka mitatu mfululizo. Uraia peke yake hautoshi kumfanya mtu kuwa mkazi. Asiye mkazi hapewi nafuu ya Kenya, na katika Tanzania mwajiriwa asiye mkazi hukatwa senti 15 katika kila shilingi ya mshahara, bila ya zile Sh. 270,000 za bure. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia sahihi mapatano ya kuzuia mtu asitozwe mara mbili mwaka 2010, lakini hadi mwaka 2024 hayakuwa yameanza kutumika. Kwa hiyo hati ya kodi iliyolipwa upande mmoja itunzwe vema, na mtu aende kuuliza katika afisi ya kodi kabla mwaka haujaisha.

SIKU ZA KUKUMBUKA

Mwajiri wa Kenya hupeleka kodi ya wafanyakazi kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Wa Tanzania kabla ya tarehe 7 kupita. Mama Neema hupeleka kodi yake ya mauzo kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Katika Tanzania wenye kodi ya makadirio hulipa kwa mafungu manne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba.

Kisha kuna tofauti moja iliyowatoza wengi faini bure. Katika Tanzania, mtu ambaye mapato yake yote ni mshahara uliokwisha katwa kodi hadaiwi kupeleka taarifa ya mwaka. Katika Kenya hudaiwa, ijapokuwa mwajiri amekwisha kata kila senti. Mwajiri humpa fomu ya P9 yenye hesabu ya mwaka, naye hupeleka taarifa yake kabla ya tarehe 30 Juni kupita. Mtu binafsi achelewaye hutozwa Sh. 2,000, au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa ikiwa hiyo ni kubwa zaidi. Kijana aliyepata namba ya kodi kwa ajili ya kuomba kazi, asipate kazi, naye apeleke taarifa ya kwamba hakupata kitu. Faini haiulizi kama mtu alijua au hakujua.

DAFTARI

Katika mifano yote iliyotajwa, viwango vya nchi mbili vimetofautiana kidogo, na daftari limetofautisha sana. Mwajiriwa ana mwajiri wa kumwandikia. Mtu ajitegemeaye ni mwajiri, karani na mfanyakazi kwa pamoja, na asipofanya kazi ya ukarani, ile ya ufanyakazi humponyoka. Inatosha kuwa na kitabu chenye safu mbili, fedha zilizoingia na zilizotoka, pamoja na bahasha ya stakabadhi za kila mwezi. Na katika kila malipo yanayoingia, sehemu ya kodi iwekwe kando siku ile ile, kwa maana fedha iliyokwisha changanyika na ya unga haitambulikani tena.

Bw. Mwakio aliwapelekea wale wafanyabiashara hesabu yake ya Sh. 68,000. Walimjibu kwa Sh. 60,000. Aliwashukuru, akabaki kazini kwake Voi, akaanza kuwatunzia vitabu watu wawili siku za Jumamosi, na kila shilingi ya ada hiyo akaiandika, kwa kuwa hiyo nayo ni mapato na itaingia katika taarifa yake ya mwaka. Wazee walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.